Siku Baba Mkwe Alipoingia Ndani ya Kamba

Mmeniomba niwaandikie, vijana wangu mnaojifunza kutegua mabomu, na swali lenu la kwanza lilikuwa kama niliogopa. Niliogopa. Niliogopa kila siku ya kazi, na mtu atakayewaambia haogopi bomu lililofichwa ardhini, msiingie naye uwanjani. Mpeni ndoo akachote maji.

Nawaonya mapema kwamba sitaandika kwa mpangilio wa kalenda. Kumbukumbu zangu ni kama kabati la bibi mwenye wajukuu, unatafuta soksi unakutana na sahani. Nitaanzia popote, ila nitafika.

Tuanze na kamba. Uwanja wa mabomu haufanyiwi kazi wote kwa mkupuo. Unakata njia ya upana wa mita moja, kamba kulia na kamba kushoto. Nyuma yako, ndani ya kamba, pamekaguliwa na pako salama. Nje ya kamba hapajakaguliwa. Ukiona nyoka, simama. Ukibanwa na haja, rudi kwa njia uliyojia. Upepo ukipeperusha karatasi yako ya maana, iage. Hakuna sababu duniani ya kutoka nje ya kamba. Mwalimu wetu, Afande Athumani, alituimbisha maneno hayo kila asubuhi mpaka tukawa tunayasema tukimenya ndizi.

Kwa wenzangu ilikuwa kanuni rahisi. Kwangu mimi ilikuwa vita, kwa sababu nilikuwa mkamwana wa Kinyakyusa.

Ninyi wa siku hizi mnakula meza moja na baba mkwe na kumtumia picha za wajukuu kwenye simu. Sisi tulifundwa vingine. Mke hakumtazama usoni baba wa mume wake. Hakulitaja jina lake, na hata leo nina mvi na yeye ametangulia, jina lake silitaji, mtaniwia radhi. Mkikutana njiani, wewe ndiye unayetoka. Unaingia kwenye migomba, unajifunika kanga, unageuza mgongo, unangoja apite. Kwetu inaitwa ukutila, yaani kuogopa, lakini si kuogopa kwa chuki. Ni heshima iliyokwisha ingia mwilini. Miguu yangu iliijua kuliko kichwa changu. Nilikuwa nikisikia kikohozi chake tu, tayari niko kwenye magimbi, nimelowa mpaka magotini, maana kwetu Rungwe majani hayajui kukauka.

Miaka tisa niliishi ua mmoja na mzee yule pale Lupepo. Nilimpikia, nikamfulia, nikamzalia wajukuu wawili, na hatukuwahi kusemezana hata neno moja. Habari zake nilizipata kwa mama mkwe, na zangu alizipata huko huko.

Mume wangu, Lusekelo, alikuwa mwanajeshi. Alivuka mto Ruvuma na wenzake kwenda vitani na huko akakanyaga bomu. Waliotuletea habari walikuwa waungwana, walikaa, wakanywa chai, wakasema amezikwa kwa heshima. Lakini mahali penyewe alipoanguka hawakuweza kupataja. Walisema tu, "Njiani." Mzee alilia upande wake wa ua na mimi upande wangu, ukuta wa mianzi katikati, tunasikiana. Kumlilia mtu mmoja na kushindwa kumwambia pole uliyefiwa naye, hilo ni jambo zito, wanangu. Niliona kama nimefiwa mara mbili.

Sasa mashine.

Miaka ile ilikuwa ya ruksa. Maduka ya Tukuyu yalijaa redio, mitumba na sabuni za kila rangi, vitu ambavyo zamani tulivipangia foleni na kurudi mikono mitupu. Wakati huohuo watu walikuwa wanapunguzwa kazini. Mimi nilikuwa msaidizi katika maabara ya udongo, napima unyevu wa mashamba ya chai, na nikapunguzwa kwa barua ya aya moja. Nikawa nauza ndizi barabarani pamoja na wenzangu wengi waliokuwa na vyeti.

Ndipo likaja shirika moja dogo, likiwa na rada ya ardhini ya majaribio, linatafuta udongo mbaya. Tulicheka. Sisi ambao ukichomeka fimbo baada ya wiki inachipua, leo mtu anakuja kwetu kutafuta udongo mbaya! Lakini walikuwa na maana yao. Kifaa cha kutambua chuma kinapiga kelele kikipita juu ya chuma, na mabomu mengi ya siku zile yalikuwa ya plastiki, chuma chake hakizidi kipini cha nywele. Rada haitafuti chuma. Inapeleka wimbi chini, na wimbi likikutana na kitu kisichofanana na udongo unaokizunguka, sehemu yake inarudi juu. Tatizo ni maji. Udongo uliolowa unalimeza wimbi kabla halijafika popote. Basi walitaka ardhi yenye mvua karibu mwaka mzima, mawe ya volkano, na mizizi iliyosukana. Waliambiwa nendeni Rungwe. Mashine ikifaulu pale, itafaulu popote.

Walikodi shamba la zamani la migomba upande wa Mpuguso, wakafukia vikopo vya plastiki visivyo na baruti, kila kimoja na kengele ndogo ya betri inayolia ukikikanyaga. Wakatafuta watu wanaoujua udongo. Nilikwenda na cheti changu ndani ya mfuko wa sukari.

Mashine yenyewe ilikuwa kigari cha magurudumu mawili, antena tumboni, betri ya gari mgongoni na kioo cha kompyuta juu. Tuliiita Bibi Harusi, kwa sababu inakwenda polepole, inatazama chini, na ukiiharakisha haikuambii kitu. Afande Athumani ndiye aliyeipa jina. Alikuwa sajenti mstaafu wa wahandisi wa jeshi, mtoto wa fundi cherehani wa pale mjini Tukuyu. Babu yake alitoka pwani, lakini yeye Kinyakyusa alikisema kutuzidi sisi. Alikuwa mfupi, msafi, mkali wa mdomo na laini wa moyo, na kila siku alikuwa anajitahidi tusiligundue hilo la pili.

Alinifundisha kusoma kioo. Sikilizeni, maana hili bado lina faida hata kwa mashine zenu mpya. Kitu kidogo kilichofukiwa hakionekani kwa umbo lake. Kinaonekana kama upinde. Antena inakiona kabla haijafika juu yake, na kwa mbali kinaonekana kiko chini sana. Ukisogea kinapanda, ukifika juu yake kiko kileleni, ukipita kinashuka tena. Kwa hiyo kitu kiko chini ya kilele cha upinde. Mzizi mrefu, ukiufuata kwa urefu wake, hauchori upinde, unachora mstari. Shimo la fuko linachora upinde mmoja mzuri mno, unaoutamani, lakini sogea hatua moja kando upite tena: upinde wa fuko utaendelea, kwa sababu shimo linaendelea. Bomu halina ndugu upande wa pili. Na sukuma kwa mwendo mmoja. Ukisimama-simama na kukimbia, upinde unaharibika na utajidanganya mwenyewe.

Adui yangu mkubwa lilikuwa lile jiwe jepesi la volkano, lile tunalosugulia visigino. Limejaa hewa, na kwa rada ni kama plastiki. Wiki ya kwanza niliona upinde wake, nikasimamisha shamba zima. Tukalala kifudifudi, tukachokoa kwa chuma chembamba, kwa mshazari, kamwe si kwa kuchoma wima, maana bomu hukanyagwa kwa juu. Nusu siku ikaisha. Afande akalitoa jiwe, akalipuliza vumbi, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Tumpe, pokea. Kaoge."

Wiki iliyofuata, kwa aibu ya lile jiwe, nikaona upinde nikajiambia ni jiwe tena. Nikaendelea na safari. Kengele ikalia chini ya kisigino changu.

Adhabu ya Afande ilikuwa hii: ukikanyaga kikopo, unavuliwa kiatu kimoja, kinatundikwa kwenye mti langoni, nawe unakaa kwenye kigoda mpaka jioni, mguu mmoja peku, ili kila apitaye ajue mguu gani haupo. Kesho yake unarudishiwa. Lakini ukikanyaga mara ya pili unavuliwa vyote viwili, na hapo huna kiatu na huna kazi. Nilikaa kwenye kile kigoda mvua ikininyeshea vidole na nikaapa kwamba haitatokea tena. Mbele yangu kulikuwa na wajukuu wa mzee yule wanaohitaji kula. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo sikumwambia mtu. Nilitaka kufika ng'ambo ya Ruvuma. Nilitaka njia ile iliyommeza Lusekelo ipitwe na mtoto wa mtu salama.

Mzee hakuwa na habari kamili. Mama mkwe alikuwa amemwambia kwamba nimepata kazi ya kupima udongo, jambo ambalo halikuwa uongo. Lakini Lupepo na Mpuguso si mbali, na midomo haina kufuli. Siku moja akasikia kwamba mkwe wake anafundishwa kuchezea kitu kilichomuua mwanawe. Akachukua fimbo yake, akaja kuona kwa macho.

Ilikuwa saa ya swala ya adhuhuri, Afande yuko nyuma ya hema anaswali. Mlinzi wa langoni, kumwona mzee wa heshima, akampisha. Mzee akatazama, akaona mtu mmoja tu karibu, amevaa kofia ngumu, kinga ya uso, koti zito la buluu na suruali. Suruali, wanangu! Haikumpitia kabisa kwamba ndani ya suruali ile yumo mkwe wake. Akaingia ndani ya kamba, akanifuata kwa nyuma, akaita:

"Kijana, samahani. Mkubwa wenu yuko wapi?"

Niligeuka. Nikamwona, mita mbili tu, uso kwa uso.

Sikuwaza. Ningewaza, nisingefanya. Miguu ilifanya ilichofundishwa tangu siku nilipoolewa. Niliiachia mashine, nikaruka kamba, nikaingia kwenye majani, nikageuza mgongo na kutafuta kanga ya kujifunika mahali palipokuwa na kofia ngumu. Kengele ililia chini ya mguu wa kulia. Nikashtuka, nikarudi nyuma, ya pili ikalia chini ya mguu wa kushoto.

Hapo ndipo mzee aliponitambua. Hakuna mwanamke mwingine ambaye angeruka vile.

Afande akaja mbio na kofia ya swala kichwani. Hakumwona mzee, macho yake yalikuwa kwangu, nimesimama katikati ya vikopo viwili. Akasema kwa sauti ile ya kila siku, aliyoitumia kwetu wote kila tulipokosea:

"Tumpe, umekufa. Umekufa mara mbili."

Nilisikia fimbo ikianguka nyuma yangu. Sikugeuka. Afande ndiye aliyeniambia baadaye kwamba mzee alifumba macho, na kwamba ilimbidi amshike mkono kumtoa nje ya kamba.

Nilirudi Lupepo peku. Barabara nzima nilikuwa nalia, na sikujua nalilia kazi, au Lusekelo, au upumbavu wa miguu yangu. Mama mkwe alinipokea na maji ya moto, akaniweka miguu kwenye beseni kama mtoto.

"Gwe Tumpe," akasema, "mzee hajala. Amekaa tu. Ameniuliza kitu. Ameuliza, kule kwenye mabomu ya kweli, ukikutana na mtu wa kumheshimu, utaruka?"

Nilimjibu ukweli. Nilisema sijui.

Asubuhi yake mapema mzee alishuka tena mpaka Mpuguso. Maneno yake kwa Afande niliyapata kwa Afande mwenyewe, ambaye aliyarudia mara nyingi maishani mwake, na kila mara alikuwa anatafuta sababu ya kufuta miwani. Mzee alisema:

"Mwanangu aliuawa na bomu lililofichwa na watu nisiowajua. Huyu atauawa na adabu anayonipa mimi. Hiyo adabu ni yangu. Naweza kumpunguzia. Mrudishie viatu, halafu niingize mimi humo ndani ya kamba yenu, nimfuate. Akiruka tena, nitamchukua mwenyewe nimrudishe nyumbani, na wewe hutanisikia tena."

Afande alimwambia kwamba kanuni ni kanuni. Kisha akatazama ule mti na viatu vyangu viwili vimejaa maji ya mvua, akasema kwamba na yeye alikuwa na kosa, kwani mwalimu hawezi kwenda kuswali bila kumwachia mtu ulinzi wa njia. Akatuma niitwe.

Sikuambiwa mpango. Niliambiwa tu, "Vaa, ingia njia ya tatu, fanya kazi."

Niliingia. Viatu vilikuwa vinatoa maji kila hatua. Nilisukuma Bibi Harusi polepole, kioo kikachora udongo, jiwe, mzizi, udongo. Kisha nikasikia fimbo. Tok, tok, juu ya mawe, nyuma yangu, ndani ya kamba. Nikasikia na kikohozi.

Siwezi kuwaeleza vizuri. Mwili mzima ulikwisha anza safari. Goti la kulia lilikwisha kunjika. Kulia kwangu, hatua moja, kulikuwa na majani mazuri ya kujificha, na nilipopitisha mashine kwenye ukingo huo wa kulia kioo kilichora upinde, naujua kabisa. Nikashika mpini wa mashine kama mtu anayeshika ukingo wa kisima. Fimbo ikasogea. Ikasimama nyuma ya bega langu.

"Mkamwana," akasema.

Ndilo neno lake la kwanza kwangu, akijua ni mimi, katika miaka tisa. Sauti yake kwa karibu ilikuwa sawa na ya Lusekelo. Sikuwahi kujua, maana sikuwahi kuwa karibu.

"Mkamwana, simama papo hapo. Usinipishe. Nami nitarudi kwa nilikotoka."

Nilisimama. Mzee akageuka taratibu, na Afande akamwita kutoka pembeni, "Nyayo zako zilezile, mzee, usiongeze mpya!" Nikasikia fimbo ikienda mbali, tok, tok, hadi nje ya kamba. Nililia ndani ya kinga ya uso. Andikeni hili kwenye daftari zenu: msilie ndani ya kinga ya uso. Ina ukungu, haina kipangusio, na huwezi kuivua. Nilikaa pale kama dakika kumi nikisubiri kioo kionekane tena, na Afande, ambaye kwa kawaida angenifokea, alijifanya anahesabu vigingi.

Nikapata kazi. Ile mashine, niwaambie ukweli, haikufaulu sana kwenye udongo wa Rungwe. Mvua kubwa ilipokuwa imenyesha ilikuwa haioni zaidi ya shibiri moja. Lakini sisi tulioifundishwa pale tulipofika kwenye udongo mkavu wa ng'ambo, tuliona kama tumevuliwa kitambaa machoni. Mwenye kujifunza kwenye tope hapati shida kwenye mchanga.

Jioni kabla ya safari, nilikuwa nafunga mzigo upande wangu wa ukuta wa mianzi. Mzee akakohoa upande wake. Hakuniita. Alisema kana kwamba anauambia ukuta:

"Ukifika pale alipoanguka Lusekelo, pasafishe."

"Ndiyo, baba," nikamjibu. Ndilo neno langu la kwanza kwake.

Ng'ambo ya Ruvuma nilifanya kazi misimu mingi na nina mengi ya huko, lakini nitawapa moja tu. Tulikuwa tunakata njia kuelekea kisima cha kijiji. Tulianza na kifaa cha chuma, kisha mimi nafuata na rada kuhakikisha. Nikiwa katikati, mwenzetu kwenye njia ya jirani akagusa mti wenye nyuki. Nawaambia, nyuki hawajui kamba. Walinijia shingoni, ndani ya kola, mikononi. Yule mwenzetu alikuwa karibu na mwanzo wa njia yake, akawahi kutoka. Mimi nilikuwa mbali, na miguu ikataka kuruka, ilikwisha anza. Nikasikia, kama nilivyosikia siku ile, "Simama papo hapo." Nikasimama. Nikageuka taratibu, nikarudi kwa nyayo zangu zilezile, mmoja baada ya mwingine, naumwa na nyuki kila hatua. Uso ulivimba nikawa sijijui kwenye kioo. Siku ya tatu nilipoweza kufungua macho tukarudi. Tulipitisha kifaa cha chuma, tukasogeza kamba, nikasukuma mashine kwenye majani ya kulia, pale ambapo mwili wangu ulitaka kwenda. Upinde ukatokea, mdogo, safi, hauna ndugu upande wa pili. Tukaufukua kwa mshazari. Halikuwa jiwe la kusugulia miguu.

Sikumwandikia mtu nyumbani. Nilijifanya hakuna kilichotokea, nikala wali, nikalala.

Kila mahali nilipofika niliuliza habari za askari wetu walioanguka. Watu walinionyesha huku, wengine kule. Njia ni nyingi na miaka ilikuwa imepita, majani hayaweki kumbukumbu. Sikupapata.

Niliporudi likizo, mama mkwe alinikumbatia mlangoni, na kabla sijakaa nikasikia kikohozi nyuma ya mianzi.

"Ulipaona?"

Ningeweza kudanganya. Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo safari nzima, kwamba nimtajie kijito fulani na mti fulani, mzee apate mahali pa kuweka mawazo yake. Lakini mtu huyu alinifundisha kusimama.

"Sikupaona, baba," nikasema. "Hakuna aliyejua ni wapi. Kwa hiyo kila mahali nilipopita, nilipasafisha kama ndipo."

Kuku walikuwa wanaparua pembeni. Kisha akasema, "Ndaga, mwanangu. Ndaga fijo." Asante sana. Hakusema mkamwana, alisema mwanangu. Nikaenda jikoni nikapuliza moto ambao haukuhitaji kupulizwa.

Nisidanganye kwamba tangu hapo tulikula meza moja. Sikumtazama usoni hata siku ile, na sikulitaja jina lake. Mila haivuliwi kama koti. Lakini kuna jambo moja lilibadilika, na majirani walilisema sana, wengine kwa kunong'ona na wengine kwa kucheka.

Kesho yake asubuhi nilikuwa natoka kisimani na ndoo kichwani, kwenye kale kanjia kembamba kati ya migomba. Nikasikia fimbo inashuka. Tulikutana kwenye kona. Nikageuza uso pembeni, goti likaanza kukunjika lenyewe kuelekea kwenye magimbi, nami nikalizuia. Nikasimama, miguu pamoja, maji yakinidondokea begani.

Mzee naye akasimama. Kisha yeye, baba wa mume wangu, mtu mzima wa umri ule, akainua fimbo, akaingia kwenye majani yaliyolowa mpaka magotini, akayalaani yale majani ya upupu kwa Kinyakyusa safi, akanigeuzia mgongo.

"Pita, mama," akasema. "Pita katikati."